Saa ya Marehemu: Ijue Kabla ya Kuiuza

Majuzi niliitwa na jamaa zangu Kuruwitu. Walikuwa wakigawa mirathi ya marehemu shangazi, na katika kasha lake ikatoka saa ndogo ya mkono, ya kike, ya kutia ufunguo, rangi ya dhahabu. Mnunuzi wa dhahabu chakavu alikuwa ameshaitajia bei bila kuifungua. Nikawaambia wasubiri: mirathi ni haki za watu, na huwezi kugawa kitu usichojua thamani yake.

Kwanza, fundi saa afungue mfuniko wa nyuma na asome alama za ndani. 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ukiona neno "plated" au "microns", hiyo ni ya kuchovya. "Stainless steel back" maana yake mfuniko wa nyuma ni chuma.

Pili, tazameni mashine. Jina la usoni pekee halitoshi, kwani uso huweza kupakwa rangi upya. Omega, kwa mfano, huchonga jina na nambari juu ya mashine, na nambari hiyo husaidia kukadiria mwaka. "17 jewels" ni vijiwe vya kupunguza msuguano. Si vito vya kuongeza bei.

Tatu, hali yake. Hewa yetu ya chumvi hula mashine. Msiing'arishe, alama zitafutika. Wala msikwangue nambari zinazong'aa gizani, kwani saa za zamani nyingine zilipakwa radiamu, nayo ina madhara.

Mwisho, sonara apime kasha bila mashine. Gramu 6 za alama 750 zina gramu 4.5 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya siku hiyo. Hicho ndicho kiwango cha chini. Jina kubwa na mashine nzima huongeza, ingawa saa za kike kwa kawaida hazifikii bei ya za kiume za jina hilo hilo.

Ya shangazi ilikuwa 750, gramu 6. Bei ya yule mnunuzi haikufika hata nusu ya thamani ya dhahabu yenyewe. Bintiye mkubwa akaomba ihesabiwe katika fungu lake kwa thamani hiyo, na nduguze wakaridhia. Leo anaivaa yeye.