Bepari ni Nani? Tabora na Darasa la Fasihi ya Kiingereza

Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, mahali ambapo leo tunapaita Tabora, kwa ile njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Vitabu vingi husimulia safari ile kama habari ya Wazungu wawili na ziwa. Mimi, ndugu msomaji, ninayemtazama ni mtu mwingine kabisa, Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Aliuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke hakuwa na Kiswahili cha maana. Alichokuwa nacho ni Kihindustani cha jeshini, na Bombay alikijua. Basi Speke akisema neno, Bombay analigeuza Kiswahili, na kama mwenyeji hana Kiswahili, mtu wa tatu analigeuza tena. Jibu nalo linarudi kwa njia ile ile. Hebu fikiria, neno moja limepita midomo mingapi! Na kila mmoja pale alikuwa anafanya uchambuzi, kwani huwezi kugeuza neno ambalo hujaamua lina maana gani.

Mji huo huo wa wakalimani ndio uliokuja kuwa mji wa shule. Mwaka 1925 serikali ya Mwingereza ilifungua shule Tabora, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wapatikane watu wa kuisaidia kutawala. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alisoma pale. Mwaka 1937 akaja kijana wa miaka kumi na mitano kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, jina lake Kambarage. Kiingereza ndicho kilikuwa ngazi ya kupandia kwenda Makerere, naye aliipanda. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, mpaka 1949 alipokwenda Edinburgh.

Yaliyofuata katika siasa kila mtu anayajua, nayapita. Ninachotaka ni vile vitabu viwili. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida chungu nzima, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, sasa ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi.

Hapo kwenye jina la pili, tusimame kidogo. Shakespeare aliandika juu ya mfanyabiashara, mmoja tu. Mwalimu kaandika mabepari, tena wengi! Kwa nini? Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na bepari lilikuwa neno la kumtolea mtu macho. Lakini neno lenyewe ni la zamani, limetoka India, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu, bila ubaya wowote. Katika miaka ile ya akina Burton, Kaze alikuwepo Mhindi mmoja tajiri, Musa Mzuri, akifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kwa maana ya zamani huyo ni bepari. Kwa maana ya Azimio pia ni bepari, tena wa kupindukia. Sasa katika tamthilia ile bepari ni nani? Ni Shylock peke yake, mkopeshaji anayedai nyama ya mtu, au na Antonio pia, ambaye wasomaji wengi wamezoea kumhurumia? Ukiliandika kwa wingi, Antonio naye kaingia kapuni. Kwa herufi mbili za mwanzo Mwalimu kafanya uchambuzi ambao wanafunzi tunaambiwa tuufanye kwa kurasa tatu.

Nimetafuta mfano mwingine wa namna hiyo na sikwenda mbali. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, imo katika vitabu ambavyo shule zetu zimesomesha miaka mingi katika fasihi ya Kiingereza. Mwaka 1973 ilitoka kwa Kiswahili, mfasiri Clement Ndulute, ikiitwa Shujaa Okonkwo. Jina la Achebe halimtaji shujaa yeyote. Linasema mambo yanasambaratika. Jina la Kiswahili limekwisha toa hukumu hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Ni hukumu ya haki? Swali hilo, mimi naamini, linamtosha mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa wiki nzima.

Tatizo ni lugha ya kulijibia. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zilishika Kiswahili, sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari kuanzia 1985, serikali ikakataa. Mwalimu mwenyewe aliwahi kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na mpaka leo watu wanabishana alimaanisha nini. Sera ya 2014 iliruhusu Kiswahili ngazi zote, Kiingereza nacho kiendelee; mtihani wa kidato cha nne ukabaki na kimombo chake. Na hata wangegeuza masomo mengine yote, fasihi ya Kiingereza ingebaki ya Kiingereza, jina lake linajieleza. Kwa hiyo mimi sigombani na lugha ya karatasi. Ninauliza juu ya lugha ya mabishano kabla ya karatasi.

Shuleni kwetu ilikuwa marufuku kusema Kiswahili, ukisema unavishwa kibao shingoni. Matokeo yake kipindi cha fasihi kilikuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Tulinakili desa: dhamira, wahusika, mafunzo. Okonkwo ni jasiri, Okonkwo ni mchapakazi. Tukameza, tukatapika kwenye mtihani.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa muda. Alifunga mlango, akaandika ubaoni majina yote mawili ya kile kitabu, la Kiingereza na la Kiswahili, akasema, "Haya, bisheni, kwa lugha yoyote." Kwanza tulitazamana. Halafu binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kumsikia akijibu chochote, akasimama. "Shikamoo mwalimu. Mimi naona huyu bwana si shujaa, ni mwoga. Anaogopa kufanana na baba yake Unoka. Yule mtoto Ikemefuna alimwita baba, na bado akamkata panga ili wenzake wasimwone dhaifu. Sasa huo ni ujasiri gani?" Darasa lililipuka! Wengine wakamtetea Okonkwo, eti mila ndiyo ilimlazimisha; binti akawajibu kwamba mzee Ezeudu alimkataza mapema asishiriki kumuua. Hilo halikuwemo kwenye desa. Alikuwa amelisoma mwenyewe.

Mwalimu akamwambia aandike aliyoyasema kwa Kiswahili kwanza, halafu achague sentensi tatu azipeleke kwenye Kiingereza. Ilimchukua kipindi kizima na nusu ya mapumziko. Sentensi zilirudi zimejaa wino mwekundu, nyakati zimevurugika, tahajia ovyo. Neno "mwoga" alikuwa amelitafuta kwenye kamusi, akalikuta, akalipigia mstari mara mbili.