Bee Moja, Sauti Tatu: Herufi za Kiarabu kutoka Mvita hadi Linux

Mtoto wa Magogoni, kule Kisauni, hujifunza alifu na bee chuoni wakati huohuo anapojifunza a na b shuleni. Akihitimu Kurani huwa ameshika nusu ya ufunguo wa maandishi ya wazee wake, maana Kiswahili cha Mvita, yaani Mombasa, kiliandikwa kwa herufi hizohizo karne na karne.

Nusu ya pili ni ngumu. Kiarabu hakina p, ch wala v. Bee moja ikabebeshwa b, p na hata mb. Neno la bee mbili lingesomeka baba, papa au pamba. Msomaji aliamua kwa maana. Hivyo ndivyo yalivyoandikwa mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840), yaliyokusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa ushirikiano na mmisionari W. E. Taylor.

Mitambo ya chapa na shule za kikoloni zikaleta herufi za Kilatini, na mkutano wa Mombasa wa 1928 ukafanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Hati ilikuwa hai. Iliyokosekana ni zana.

Zana zilikuja polepole. Fonti za TrueType zilitoka 1991, na Unicode, inayozipa herufi za lugha mbalimbali namba, ikatoka mwaka huohuo. Kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux wa miaka ya 1990 skrini haikuzisoma fonti hizo yenyewe; aliyetaka kuandika Kiebrania, kwa mfano, aliweka seva ya fonti kama xfstt, akaielekeza kwenye folda ya fonti, nayo ikaigawia skrini herufi. Mwaka 2000 XFree86 4.0, programu iliyoendesha skrini hiyo, iliiingiza kazi hiyo ndani ya mfumo. Kiebrania na Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na vyote vina irabu za nukta na vistari. Lakini herufi za Kiebrania husimama mojamoja, ilhali za Kiarabu hushikana: bee ina maumbo manne, na programu lazima ichague linalofaa.

Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, alipendekeza tahajia inayotenganisha sauti zote za Kiswahili. Kisha Kevin Donnelly wa Wales akatengeneza Andika!, programu huria za Linux za kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kukigeuza kwenda Kilatini na kurudi. Fonti ya Kiarabu ya Amiri, kazi ya Khaled Hosny, nayo hupatikana bure: unaiweka kwenye folda ya fonti, unaendesha amri ya fc-cache, imekwisha.

Kilichobaki ni vyuo vyetu kuifundisha tahajia ya Sheikh Yahya kando ya msahafu. Siku hiyo mtoto wa Magogoni ataandika papa kwa pee yenye nukta tatu chini, pamba ataipa mimu yake, na baba atabaki na bee yake peke yake.