George Lilanga: mashetani yanayocheka

Kwa Wamakonde mbao inayoheshimika ni mpingo, mti mweusi, mzito hata ukiutupa majini unazama. Huo ndio aliouchonga George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, ingawa kabla ya mpingo alijifunzia kwenye mizizi ya mihogo.

Miaka ya 1970 mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimtafutia kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Kazi yenyewe? Ulinzi. Haukupita muda mrefu mlinzi akawa msanii, na mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani.

Tazama mashetani aliyoyachonga: masikio mapana, midomo iliyobinuka, vidole viwili au vitatu. Hayatishi. Yanapika, yanasengenyana, yanacheza ngoma, kama majirani wa uswahilini. Aliyachora pia kwenye mbao na ngozi za mbuzi, na sanamu zake za miti laini alizipaka rangi kali, jambo ambalo wapenzi wa mpingo mtupu huenda wasilipende. Sisi tunaona hapo ndipo alipojipata.

Ujerumani, mkusanyiko wa Mawingu mjini Hamburg una kazi zake nyingi.

Alikatwa miguu kwa sababu ya kisukari, lakini aliendelea kuchora akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, akizungukwa na vijana aliowafundisha. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2005. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, naye ni mchoraji.