Mikono iliyoifundisha kompyuta

Wengi wetu tukisikia kwamba kompyuta inasoma miondoko ya mwili tunafikiria michezo ya Wii na Kinect. Nairobi ina historia yake, nayo inamhusu mtoto kiziwi na masomo yake.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo, si kwa ishara. Shule za mwanzo za viziwi nchini Kenya zilifuata njia hiyo. Mtoto aliambiwa atulize mikono, na mikono ndiyo lugha yake.

Mwaka 1991 mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya (KSL) ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Katiba ya 2010 ikaifanya KSL kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kisha tukaingia sisi watu wa teknolojia. Roy Allela alibuni glavu za Sign-IO. Kila kidole kina kihisi kinachopima kinavyokunjwa. Vipimo huenda kwenye simu kwa Bluetooth, nayo simu hutamka neno. Zilijaribiwa katika shule moja ya Migori, na mwaka 2019 zikawania tuzo ya Africa Prize. Ni kazi nzuri. Lakini ishara haiishii vidoleni: nyusi, midomo na mabega pia hubeba maana, na swali hujulikana usoni. Tena, kiziwi ndiye anayevaa ili mwenye kusikia aelewe. Mwalimu akianza kuongea, glavu hazimsaidii mwanafunzi.

Elly Savatia na kampuni yake ya Signvrse, Nairobi, wakageuza mwelekeo. Watumiaji wa KSL walirekodiwa kwa vihisi vya miondoko, zaidi ya ishara 2,000. Miondoko hiyo humwendesha mhusika wa 3D anayegeuza usemi na maandishi kuwa KSL. Programu hiyo, Terp 360, ilishinda Africa Prize mwaka 2025.

Ishara 2,000 si lugha nzima, wala mhusika wa 3D si mwalimu. Lakini ndugu zangu mnaoandika programu, kabla hamjachagua kihisi, ulizeni kwanza: nani atakivaa, na nani atafaidika? Na mhusika huyo akikosea, wa kumsahihisha ni viziwi wenyewe.