Wasanii, Vyama na Asilimia 0.7: Mvutano wa Kisiasa Kuhusu Misaada ya Nje Nchini Uingereza, 1985–2025

Utangulizi

Tarehe 13 Julai 1985, wanamuziki walikusanyika katika uwanja wa Wembley, London, kwa tamasha la Live Aid lililochangisha fedha za kuwasaidia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Miaka 36 baadaye, tarehe iyo hiyo, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa kura 333 dhidi ya 298 uamuzi wa kuendelea kupunguza misaada ya nje. Mvutano uliozaa kura hiyo aghalabu huelezwa kuwa ni kati ya chama cha Labour, kinachopenda misaada, na chama cha Conservative, kinachoipinga. Insha hii inajenga hoja kwamba mgawanyiko wenye uzito zaidi ulikuwa ndani ya vyama vyenyewe, na kwamba sauti ya wasanii iliufunika bila kuutatua.

Kujengwa kwa Mwafaka

Lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa misaada liliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970, lakini kwa miongo kadhaa serikali za Uingereza hazikulifikia. Isitoshe, misaada ilitumika kwa maslahi ya kibiashara. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliamua kwamba fedha za misaada zilizotolewa kwa bwawa la Pergau, Malaysia, zilitolewa kinyume cha sheria. Chama cha Labour kiliposhika madaraka mwaka 1997 kiliunda wizara kamili ya maendeleo ya kimataifa, na sheria ya mwaka 2002 ikaifunga misaada kwenye lengo la kupunguza umaskini.

Kilele kilikuwa mwaka 2005. Tume ya Afrika, iliyoundwa na Waziri Mkuu Tony Blair, ilimjumuisha mwanamuziki Bob Geldof pamoja na viongozi wa Kiafrika, wakiwemo Watanzania Benjamin Mkapa na Anna Tibaijuka. Mwezi Julai, siku chache baada ya matamasha ya Live 8, mkutano wa nchi nane tajiri huko Gleneagles uliahidi kuongeza misaada na kufuta madeni. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofutiwa madeni na Shirika la Fedha la Kimataifa Januari 2006. Hata hivyo, ndani ya Tume Mwafrika alikuwa mjumbe, ilhali jukwaani alibaki zaidi kuwa mtu wa kuhurumiwa: wasanii wengi wa Afrika walitengewa tamasha lao huko Cornwall, mbali na jukwaa kuu la Hyde Park.

Mgawanyiko Ndani ya Conservative

Desemba 2005 David Cameron alichaguliwa kuongoza chama cha Conservative. Kabla ya mwezi huo kwisha, Geldof alikubali kuwa mshauri wa kundi la chama hicho lililoandaa sera kuhusu umaskini duniani, huku akisisitiza kwamba hakuwa mfuasi wa chama chochote. Kwa Cameron, suala hilo lilikuwa njia ya kukisafisha chama kilichoonekana hakina huruma. Lengo la asilimia 0.7 likaingia katika ilani ya mwaka 2010 na kufikiwa mwaka 2013, wakati ambapo bajeti za wizara nyingi zilikuwa zikipunguzwa. Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi: baadhi ya wabunge wa chama waliuliza kwa nini fedha ziende nje ilhali huduma za ndani zinabanwa, na chama cha UKIP kikawavuta wapiga kura kwa hoja hiyo hiyo.

Mwaka 2015 lengo hilo liliwekwa katika sheria kupitia muswada wa Michael Moore, mbunge wa Liberal Democrats. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mwanya. Lengo lisipofikiwa, waziri alitakiwa tu kulieleza Bunge sababu. Haikuwapo adhabu wala namna ya kuilazimisha serikali kulipa.

Kubomoka kwa Mwafaka

Novemba 2020, kufuatia janga la UVIKO-19, serikali ya Boris Johnson ilitangaza kushusha misaada hadi asilimia 0.5. Katika kura ya Julai 2021, zaidi ya wabunge 20 wa Conservative, akiwemo Waziri Mkuu wa zamani Theresa May, waliipinga serikali yao. Labour nacho kilipinga punguzo hilo. Hata hivyo, Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer wa Labour alitangaza kuishusha misaada hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027 ili kugharimia ulinzi, na waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu.

Hitimisho

Wasanii waliwashawishi viongozi wa vyama na kuwapa sifa mbele ya umma. Hawakuwashawishi wabunge wote wala wapiga kura waliouliza gharama inalipwa na nani. Mwafaka uliotegemea sifa ulidumu kadiri sifa ilivyokuwa na faida. Walioathirika na kuvunjika kwake, yaani wananchi wa nchi zinazopokea misaada, hawakuwa na kura katika Bunge lililoamua.