Rashidi Kawawa: Kutoka Muhogo Mchungu hadi Uwaziri Mkuu

Anapotajwa Rashidi Mfaume Kawawa, wengi humkumbuka kama Simba wa Vita, msaidizi wa karibu wa Mwalimu Nyerere. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwigizaji wa filamu, tena wa kuchekesha. Insha hii inadai kwamba kazi hiyo haifai kuachwa pembeni, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya Kiswahili.

Kawawa alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa serikalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi katika ustawi wa jamii. Wakati huo serikali ya kikoloni iliipa kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kazi ya kutengeneza filamu za Kiswahili zitakazochezwa na Waafrika. Kawawa akawa nyota wake. Aliigiza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952, na pia katika Chalo Amerudi na Meli Inakwenda.

Muhogo Mchungu ni mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mjini. Kisa hicho kiliwafaa wakoloni, waliokuwa na hofu ya vijana kuhamia mijini. Lakini kichekesho hakimtii aliyekilipia. Mtazamaji aliyemcheka mshamba huyo aliuona pia mji wa kikoloni kwa macho ya mtu wa kawaida, na akamsikia Mwafrika mwenzake akiongea Kiswahili kwenye skrini. Jina la Muhogo Mchungu halikupotea: miongo kadhaa baadaye lilitumiwa na mchekeshaji mwingine wa Tanzania, Abdallah Mkumbila.

Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika (TFL). Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, yeye ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Mwaka 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili.

Pengine msomaji atasema kwamba kilichompandisha ni vyama vya wafanyakazi wala si sinema. Ni kweli. Hata hivyo, mtu aliyetoa agizo la mwaka 1967 alikuwa amekwisha kuitumia lugha hiyo mbele ya kamera, kwa watazamaji wa makabila mengi, miaka 15 kabla.

Hapa Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, tunajadili zaidi sheria na mitaala. Maisha ya Kawawa yanaonyesha kwamba agizo la serikali huja juu ya lugha ambayo watu wamekwisha kuizoea katika starehe zao. Kwa hiyo napendekeza kwamba tunaposoma historia ya Kiswahili, filamu za vichekesho zisomwe pamoja na matamko ya viongozi, hasa pale ambapo mchekeshaji na kiongozi ni mtu mmoja.