Kwa nini mtoto mmoja hutembea mapema kuliko mwingine? Tuelewe urithi, malezi na utafiti

Mtoto wa jirani alitembea akiwa na miezi kumi. Wako ana mwaka na miezi miwili na bado anashikilia ukuta. Hapo maneno huanza. Huyu atasema, "Ni damu ya ukoo wa baba yake, wote wazito." Yule atasema mama ndiye hamshughulikii mtoto. Katika makala haya tunaeleza elimu inasema nini kuhusu jambo hili, na wakati gani mzazi anapaswa kwenda kliniki.

Elimu inayochunguza jinsi binadamu anavyobadilika tangu mimba hadi uzee huitwa saikolojia ya ukuaji. Huangalia mwili, akili, lugha, hisia na namna mtu anavyoishi na wenzake. Swali lake kubwa ni hili: kipi kinatokana na urithi, na kipi kinatokana na malezi?

Urithi ni nini?

Seli nyingi za mwili wetu zina kromosomu 46. Mtoto hupata 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Ndani yake mna jeni, yaani maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Lakini maelekezo hayo hayafanyi kazi peke yake. Mkulima anajua kwamba mbegu bora ikikosa mvua na mbolea haizai inavyoweza.

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria. Mwili wa mtoto hushindwa kuchakata sehemu fulani ya protini, nayo hujilimbikiza na kuharibu ubongo. Hata hivyo, ugonjwa ukigunduliwa siku za mwanzo na mtoto akapewa chakula maalumu, akili yake inaweza kukua vizuri. Jeni ni zile zile, lakini matokeo ni tofauti.

Watafiti huchunguzaje?

Njia moja ni kulinganisha mapacha. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja, kwa hiyo jeni zao ni karibu sawa kabisa. Wasiofanana hushiriki takriban nusu, kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Wale wa kufanana wakikaribiana zaidi katika jambo fulani, watafiti huona dalili ya urithi.

Njia nyingine ni kuwafuata watoto wale wale kwa miaka mingi. Ni kazi ndefu na ya gharama, lakini huonyesha kila mtoto anavyobadilika. Wengine hupima watoto wa umri tofauti kwa wakati mmoja. Hiyo ni haraka zaidi, ila watoto hao huenda wamelelewa katika hali zisizofanana.

Tahadhari moja ni muhimu: mambo mawili yakienda pamoja, si lazima moja liwe chanzo cha jingine. Watoto wa nyumba zenye vitabu vingi wakifanya vizuri shuleni, huenda sababu ni kipato au elimu ya wazazi.

Mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 1957, watafiti Marcelle Geber na R. F. A. Dean walieleza kwamba watoto wachanga waliowapima Kampala, Uganda, walikuwa wamewatangulia wale wa Ulaya katika uwezo wa mwili. Wapo waliodhani hilo ni jambo la kuzaliwa nalo tu.

Baadaye Charles Super alifanya utafiti Kokwet, kijiji cha wakulima Wakipsigis nchini Kenya, na kuuchapisha mwaka 1976. Aliona watoto wakikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Kama damu peke yake ingekuwa sababu, tungetarajia wawahi katika yote. Alipochunguza malezi, alikuta akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Kumbe mazoezi ya kila siku nyumbani yalikuwa na mchango mkubwa.

Kawaida ni ipi?

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto walianza kutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na miezi 18. Kukaa bila kushikwa kulianza kati ya takriban miezi 4 na 9. Wachache, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti, na bado walitembea.

Kwa hiyo, mtoto wa mwaka na miezi miwili asiyetembea bado yumo ndani ya kawaida. Hakuna haja ya kumlaumu mama wala ukoo. Mcheze naye, mzungumze naye, mpeni nafasi salama ya kujaribu.

Lakini msisubiri mkisema "atakua tu" iwapo mtoto hakai mwenyewe akifika miezi 9, hatembei akifika miezi 18, haitikii sauti, au amepoteza uwezo aliokuwa nao. Mpelekeni kliniki pamoja na kadi yake. Tatizo likijulikana mapema, msaada nao huanza mapema.